Wasomaji Wauliza: Wazazi Wanakuja London, Nianzie Wapi?

Barua za msimu huu zimetoka pande mbili: wanafunzi walioko London wanaosubiri wazazi, na wazazi wanaofunga mizigo. Tumezijibu pamoja, maana anachokosea mmoja humwangukia mwenzake. Saa zote humu ni za Kiswahili. Nanyi wanafunzi fanyeni hivyo mnapozungumza na wazee: tiketi ikiandikwa 10:00, mwambie mama ni saa nne. Familia nyingi hupotezana kwa sababu ya hilo tu.

*Naishi Mile End. Baba (70) na mama (63) wanakuja kutoka Tanga kwa siku sita, katikati ya Oktoba. Nimeorodhesha sehemu 19 za kuwapeleka. Mama anaumwa magoti. Nitazimalizaje?*
— Mwanafunzi, London Mashariki

Hutazimaliza, na usijaribu. Futa kumi na tatu leo hii. Zinazobaki zigawe hivi: jambo moja kubwa asubuhi, chakula cha kukaa chini, jambo dogo mchana, na kabla ya saa 10 jioni muwe njiani kurudi. Saa haziwasumbui sana wazee wetu, kwani katikati ya Oktoba London iko nyuma ya Tanga kwa saa mbili tu. Kinachowamaliza ni miguu. Mgeni wa London hutembea masafa marefu bila kujijua, na sehemu kubwa ya masafa hayo iko chini ya ardhi, kwenye njia za kubadilishia treni ambazo ramani haizionyeshi urefu wake.

Kwa hiyo wapandishe basi. Basi 25 la hapo Mile End litawafikisha Aldgate, na hapo mtabadili kuingia basi 15, linalopita Tower of London, likapanda kuelekea kanisa la St Paul's, likashuka Fleet Street hadi Trafalgar Square. Hiyo ni ziara kamili, tena ya kukaa kitini. Mkitaka kuendelea, basi 9 linatoka upande huo huo kwenda Piccadilly, Hyde Park Corner na Royal Albert Hall. Viti vya mbele ghorofani vina mandhari nzuri kweli, lakini ngazi za basi ni nyembamba na dereva haondoki polepole. Mama akae chini kwenye viti vya wazee, baba apande nawe akitaka. Mwambie pia asisimame mpaka basi litulie kabisa kituoni. Wazee wengi huinuka mapema kwa adabu, wasimcheleweshe dereva, na hapo ndipo wanapoanguka.

Siku ya kwanza ya kutoka ipange hivi. Fikeni Trafalgar Square saa 4 asubuhi. Tembeeni taratibu kuteremka Whitehall hadi Horse Guards, ambako askari wa farasi hubadilishana zamu saa 5 (Jumapili ni saa 4). Wengi hukimbilia Buckingham Palace kwa jambo hilo, wakasimama zaidi ya saa nzima nyuma ya vichwa vya watu. Horse Guards watu ni wachache, farasi wako karibu, na shughuli haifiki mbali ya nusu saa. Rudini National Gallery: kuingia ni bure, ndani kuna joto, vyoo na viti katikati ya kumbi. Chagua kumbi tatu, si thelathini.

Mkilazimika kutumia treni ya chini, epuka saa 12:30 hadi 3:30 asubuhi na saa 10 hadi 1 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Epuka kabisa kupanda ngazi za dharura: Covent Garden zina vidato 193 na Russell Square 175, na mtu huzianza akidhani ni chache, kwa sababu foleni ya lifti imemchosha. Elizabeth line ndiyo rafiki wa magoti, maana vituo vyake vyote vina njia isiyo na ngazi, na Whitechapel kimo. Kwenye ngazi za umeme simameni kulia, na mama akusanye pindo la buibui au kanga mkononi kabla ya kukanyaga.

Jambo la mwisho, na wafundisheni wazee kabla hamjatoka nyumbani. Mlango wa treni ukifungwa mmoja akiwa ndani na mwingine nje, aliye ndani ashuke kituo kinachofuata na asimame hapo hapo jukwaani. Aliye nje apande treni inayofuata ya njia ile ile. Kila mmoja awe na karatasi mfukoni yenye anwani na namba yako. Simu huzimika chaji.

*Mtoto wetu yuko London, nasi tunakwenda kumwona. Mimi na mama yake hatujui Kiingereza, na mama huyo hawezi kutembea mbali. Tutafikaje kwake bila kupotea uwanjani?*
— Mzee, Singida

Shikamoo mzee wetu. Kutoka Tanzania hakuna ndege ya moja kwa moja hadi London, hivyo mtabadili ndege njiani, na pale pa kubadilia ndipo penye utata kuliko London kwenyewe. Mwambie kijana apigie shirika la ndege angalau saa 48 kabla ya safari, aombe msaada wa kiti cha magurudumu kwa ajili ya mama. Hakilipiwi. Mhudumu atampokea mlangoni mwa ndege, nawe utakwenda naye sambamba hadi ndege ya pili, kisha London hadi mbele ya afisa wa uhamiaji na kwenye mizigo. Mkiwa mnakabidhi mabegi nyumbani, angalieni kipande cha karatasi kinachofungwa mkononi mwa begi: kama mnashukia uwanja wa Heathrow, mwisho wake usomeke LHR.

Afisa atauliza mnakwenda kwa nani, kwa muda gani, mtalala wapi na mtarudi lini. Si kosa kusema hamjui lugha. Mkalimani hupatikana hata kwa simu. Kijana aandike barua ya ukurasa mmoja kwa Kiingereza yenye majibu hayo, anwani kamili, namba yake, na nakala ya uthibitisho kuwa ni mwanafunzi. Barua hiyo, tiketi ya kurudi na karatasi za bima viwe kwenye mkoba wa mkononi, si ndani ya begi kubwa. Dawa za presha au sukari nazo ziwe mkononi, ndani ya maboksi yake pamoja na cheti cha daktari, za siku zote za safari na wiki moja ya ziada. Duka la dawa la huko halitauza dawa hizo bila cheti cha daktari wa Uingereza.

Mama asifunge nyama wala kitu cha maziwa. Tunajua samli ya Singida ina heshima yake, lakini sheria hairuhusu abiria kutoka kwetu kuiingiza, na itachukuliwa. Na kijana ahakikishe namba ya jengo la kushukia: Heathrow 2 na 3 yapo pamoja, 4 na 5 kila moja liko mbali kwa upande wake.

*Naweza kuwalipia wazazi wote nauli kwa kadi yangu moja?*
— Mwanafunzi, Stratford

Hapana. Kila mtu na kadi yake, na kadi iliyoguswa mashineni wakati wa kuingia ndiyo hiyo hiyo iguswe wakati wa kutoka. Ukiwa na kadi ya benki mkononi na nyingine ndani ya simu, mashine huzihesabu kuwa mbili hata kama akaunti ni moja, kwa hiyo mzee mmoja unaweza kumwachia kadi na wewe ukatumia simu. Asiye na kadi anunuliwe Oyster, kadi ya nauli ya London, na kuongezewa salio mashineni. Kwenye treni kusahau kugusa wakati wa kutoka hutozwa nauli ya juu kabisa. Basini huguswa mara moja tu, wakati wa kupanda, na pesa taslimu hazipokelewi tangu 2014. Nauli ya basi ilipangwa Machi 2023 kuwa pauni 1.75, na ndani ya saa moja tangu kugusa mara ya kwanza mtu hubadili mabasi bila kulipa tena, mradi kadi ni ile ile. Kadi za kusafiri bure za wazee ni za wakazi wa London, wageni hawapewi.

Kutoka Heathrow, treni ya chini ya Piccadilly line ni nafuu zaidi na huchukua karibu saa nzima hadi katikati ya mji. Elizabeth line nauli yake ni zaidi ya maradufu, lakini kwa wazee wenye mizigo, na wewe ukikaa upande wa mashariki, lipa tu.

*Mama hakosi swala, na nje ya nyumba hali chochote asichokijua. Mchana tutafanyaje?*
— Dada wa Mombasa, London

Anza na vyoo, maana hapo ndipo wengi wanapoaibika kimya kimya. Vya London havina maji ya kujisafishia, hivyo chupa ya plastiki ya nusu lita iwe mkobani kila siku. Makumbusho yote makubwa yana vyoo vya bure, na stesheni kubwa za reli kama King's Cross, Liverpool Street na Waterloo pia. Vituo vingi vya treni ya chini havina kabisa.

Kwa swala, East London Mosque uko barabara ya Whitechapel, na basi 25 hupita mbele yake. Wanawake wana jengo lao hapo, Maryam Centre. Ukiwa upande wa magharibi kuna msikiti mkuu wa Regent's Park. Angalia nyakati kila siku, usizikadirie kwa mazoea ya pwani, ambako Magharibi haihami sana mwaka mzima. London jua huzama karibu saa 3:20 usiku mwezi Juni, na kabla ya saa 10 jioni mwezi Desemba. Mwisho wa Oktoba saa zinaporudishwa nyuma, Magharibi huruka kwa saa nzima kwa usiku mmoja.

Chakula: pika asubuhi, tia wali au chapati na mchuzi kwenye hotpoti, mkale kwenye mabenchi ya bustani ya Russell Square, dakika chache tu kutoka British Museum. Migahawa ya Kibangladeshi ya Whitechapel ni halali na mama ataitambua biriani, ila sema mapema pilipili ipunguzwe. Mihogo na ndizi za kupika zitafute soko la Ridley Road, Dalston.

*Baba alikuwa mwalimu wa historia. Majumba ya wafalme hayamvutii. Kuna kinachotuhusu?*
— Mwanafunzi, Camden

Kipo, na hili ni swali zuri kuliko yote tuliyopokea. Mpeleke Westminster Abbey, kwenye jiwe la kaburi la David Livingstone. Alifia kijijini kwa Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873. Wenzake wa safari, Chuma na Susi wakiwa mbele, waliuzika moyo wake huko, wakaukausha mwili na kuubeba kwa miguu miezi tisa hadi Bagamoyo, walikofika Februari 1874. Alizikwa London Aprili 18 mwaka huo. Jacob Wainwright, Mwafrika aliyeusindikiza mwili melini, alikuwa miongoni mwa walioshika jeneza. Jiwe linataja mikono miaminifu iliyomleta, bila kutaja jina hata moja la wenye mikono hiyo. Mwache baba asimame hapo kadiri atakavyo. Kiingilio ni takriban pauni 30, na Jumapili kanisa hufunguliwa kwa ibada tu, si kwa watalii.

Bila malipo, karibu na kituo cha Green Park, mwonyeshe kwa nje Lancaster House, palipofanyika mikutano ya katiba ya Kenya mwaka 1960, 1962 na 1963. Ule wa Tanganyika ulifanyika Dar es Salaam kwenyewe, ukumbi wa Karimjee, Machi 1961, na mwalimu wa historia atakueleza tofauti hiyo ina maana gani. British Museum nako ni bure: chumba cha 25 kina shaba za ufalme wa Benin (Nigeria ya leo), na jumba hilo linahifadhi jiwe la kukatia kutoka Olduvai lenye umri wa takriban miaka milioni 1.8. Agiza tiketi ya bure mtandaoni ili msikae foleni, na omba kiti cha magurudumu cha kuazima. Ijumaa hufungwa saa 2:30 usiku, na jioni hiyo watu hupungua.

*Wanaweza kulala chumbani kwangu hosteli?*
— Mwanafunzi, Mile End

Soma mkataba wako kwanza. Hosteli nyingi huruhusu mgeni mmoja kwa usiku chache, mara nyingi zisizozidi tatu, tena kwa kumwandikisha. Usiwaingize kwa siri: kengele ya moto ikilia usiku, watu huhesabiwa nje kwa orodha. Kodi chumba mtaa ule ule, cha chini au chenye lifti, na uulize kama jiko linatumika. Makoti wanunue mitumba nyumbani kabla ya safari, Karume au Gikomba, kwa bei ndogo kuliko huku. Viatu viwe walivyokwisha kuvizoea, vyenye soli ya mpira.