Homa katikati ya kemo: usianze na dawa mseto

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 41, naishi Kilosa, natibiwa saratani ya titi hospitali ya Ocean Road, Dar. Nilimaliza dripu nne za ile dawa nyekundu, sasa nimeanza paclitaxel. Siku ya tatu mapaja na kiuno viliuma mno, kisha vikapoa. Vidole navyo vina ganzi. Usiku wa siku ya tisa nilitetemeka, joto likafika 38.4. Mume wangu akaninunulia panadoli na dawa mseto ya malaria, likashuka. Kliniki bado siku 12. Naogopa saratani imeingia kwenye mifupa. Nisubiri?*

Marahaba, mwanangu. Usisubiri. Jibu hilo ulishapewa kwa simu barua yako ilipofika; hapa naeleza sababu, kwa faida yako na ya wengine wanaorudi mikoani kati ya dripu na dripu.

Wewe umeogopa mifupa. Kilichonishtua mimi ni ile homa. Kemo, yaani hizo dripu za dawa za saratani, huua seli zinazogawanyika upesi, zikiwemo zile za kwenye uboho wa ndani ya mifupa zinazotengeneza chembe nyeupe za damu. Kati ya siku ya 7 na ya 14 hivi baada ya dripu, chembe hizo huwa chache kuliko wakati wowote. Bakteria wa kawaida, hata wale wa tumboni mwako mwenyewe, wanaweza kuingia kwenye damu na kukuangusha ndani ya saa chache. Na usitegemee kuona usaha, kwa sababu usaha hutengenezwa na chembe hizohizo ulizopungukiwa. Ndiyo maana mtu hupimwa kifua na koo zahanati, akaambiwa yuko safi, akarudishwa nyumbani na hatari yake.

Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo, na Kilosa malaria ipo kweli. Pima, ni sawa. Lakini hata kipimo kikisema una malaria, hakijaondoa uwezekano wa maambukizi ya bakteria. Yote mawili hukaa katika mwili mmoja.

Nunua kipimajoto cha dijitali. Kwapa likauke kwanza, ukibane mpaka kilie. Kwapa husoma chini kidogo kuliko mdomo, kwa hiyo usibishane na nukta. Ukipimia mdomoni, subiri robo saa baada ya chai. Njia ya haja kubwa usiitumie kabisa, wala dawa za kuingiza huko: mchubuko mdogo ni mlango wa bakteria. Joto la 38 na kuendelea, au kutetemeka hata kama kipimajoto kinasema uko sawa, ni safari ya saa hiyohiyo, hata iwe saa nane usiku. Panadoli kabla ya kupima huficha homa na haigusi bakteria. Kwako nako ilishusha joto tu.

Nenda hospitali ya karibu yenye maabara na dawa za mshipa. Usipande basi la Dar ukiwa na homa. Mapokezini sema hivi: "Natumia kemo, dripu ya mwisho ilikuwa tarehe fulani, nina homa." Onyesha daftari la kliniki lenye jina la dawa na simu ya wodi. Wanatakiwa kuchukua damu ya picha kamili (kuhesabu chembe zote) na ya kuotesha (kuona kama ina bakteria), kisha kukuanzishia antibiotiki ndani ya saa moja bila kungoja majibu. Nyutrofili, yaani chembe nyeupe zinazopigana na bakteria, zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita ya damu, hali ni nzito. Mume wako naye aikariri sentensi hiyo, maana unaweza kufika huna nguvu ya kusema.

Sasa mifupa. Paclitaxel huleta maumivu ya misuli na viungo siku ya pili au ya tatu, kwa kawaida pande zote mbili, na huisha ndani ya wiki hivi. Yako yamefuata njia hiyo. Ya kutiliwa shaka ni maumivu ya sehemu moja, yanayozidi wiki hadi wiki na kukuamsha usiku. Mgongo ukiuma na miguu ikaishiwa nguvu, au mkojo ukakataa kutoka au kuzuilika, nenda siku hiyohiyo. Vivyo hivyo ukikosa pumzi, mguu mmoja ukivimba, au damu isipokatika. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu, usimeze bila kuuliza. Wakati wa kemo inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Ganzi inaweza kungoja, lakini isipite dripu inayofuata bila daktari kuijua. Mwambie kwa mifano: unashindwa kufunga vifungo, ndala inakuvuka bila kuhisi. Anaweza kupunguza dozi. Ukinyamaza ili usikatishiwe tiba, ganzi inaweza kubaki nawe miaka. Kwa sasa shika sufuria kwa kitambaa kinene na usitembee peku.

Dripu ijayo ikisogezwa wiki moja kwa sababu damu haijapanda, kubali. Hilo ni jambo la kawaida, na haina maana kwamba tiba imeshindwa.