Taya Langu Lilijua Kabla Yangu

Kwa muda mrefu niliamka taya likiniuma. Daktari wa meno akaniambia nasaga meno usingizini, akanipa kinga ya plastiki. Nikaivaa, na kusaga kukaendelea. Wakati huo nilikuwa nimeshahudhuria ushauri nasaha kwa miezi mingi, na habari za vipigo vya ndoa yangu nilizisimulia kwa ufasaha, macho makavu, utadhani ni za jirani. Kila mtu alisema nimepona, nami nikaitikia. Lakini mlango ukibamizwa tu, mabega yananipanda hadi masikioni.

Hofu haingoji akili ifikiri. Adrenalini, homoni ya dharura, inamwagika, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza ili upigane au ukimbie. Ukishindwa yote mawili, mwili huganda. Na ukiishi hivyo miaka, kulinda zamu kunakuwa mazoea hata adui akishaondoka.

Mwaka 2014 daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk na wenzake walichapisha utafiti wa wanawake 64 wenye kiwewe sugu kisichosikia matibabu. Baada ya wiki 10 za yoga, asilimia 52 hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo. Kwa wenzao waliohudhuria masomo ya afya ya wanawake badala ya yoga, ni asilimia 21. Si muujiza, maana karibu nusu ya wana yoga walibaki nao. Ila kwangu ilitosha kujaribu tiba inayopitia mwili.

Nikaharibu mwanzoni kwa pupa. Nilitaka nilie yote siku moja yaishe. Nikafumba macho, nikavuta pumzi kwa nguvu na kwa haraka, mpaka vidole vikafa ganzi na chumba kikaanza kuzunguka. Mtaalamu aliyekuwa akiniongoza hakushtuka. "Fumbua macho, dada. Nitajie vitu vitatu unavyoviona." Pazia. Kiti. Kiatu changu. "Sasa kanyaga sakafu, kisigino kimoja, halafu kingine." Nikaisikia sakafu ilivyo baridi, nikarudi.

Tangu siku hiyo nakwenda kidogo kidogo. Nalisikiliza taya kwa sekunde chache tu, kisha nahamia mahali palipotulia. Kwangu ni viganja. Halafu narudi tena. Pumzi ya kutoa naifanya ndefu kuliko ya kuvuta. Dakika 5 zinatosha, na siku nikiwa sijisikii, naacha.

Mtaalamu akikugusa bila kukuomba ruhusa, chukua mkoba wako uondoke. Anayekuambia uache dawa ulizoandikiwa na daktari, vilevile. Na kama bado unaishi na mtu anayekupiga, mwenzangu, usijilazimishe kutulia. Mwili wako hapo haujakosea. Tafuta kwanza mtu wa kukusaidia kupata mahali salama, mazoezi yatakungoja.

Mimi bado nasaga meno mara mojamoja, hasa wiki ambayo barua ya wakili imefika.