Uliza Tujibu: Meli za kubeba ndege, nani kajenga na nani kanunua mtumba?

Toleo lililopita niligusia mistari miwili tu kwamba Novemba 2025 Wachina wameingiza jeshini meli yao ya tatu ya kubeba ndege, inaitwa Fujian. Basi ikawa balaa, maswali yamejaa. Nimechagua matatu, mengine mtanisamehe.

Swali (Kibirizi, Kigoma): Shikamoo mzee. Hapa mwaloni tumebishana mpaka tumewekeana dau la samaki, mgebuka. Mimi nasema Mchina na Mhindi wamejenga meli za kubeba ndege kwa mikono yao, mwenzangu anasema hamna kitu, waliuziwa mitumba wakapaka rangi. Nani anakula?

Jibu: Marahaba. Huo mgebuka ukateni katikati maana wote mna nusu ya ukweli.

Mwenzako anaongelea mwanzo. Meli ya kwanza ya Mchina, Liaoning, ilianza kujengwa Ukraine enzi za Sovieti kwa jina la Varyag, Sovieti ikasambaratika, hela zikakata, likabaki bodi limekaa bandarini halina silaha wala rada. Mwaka 1998 akatokea mfanyabiashara akalinunua kwa dola milioni 20, akasema anataka kulifanya kasino inayoelea! Likaanza kukokotwa, Uturuki ikagoma lisipite kwenye mlango wake wa bahari zaidi ya mwaka mzima, likaja kuruhusiwa mwishoni mwa 2001, likazungushwa mpaka Rasi ya Tumaini Jema huko kusini mwa Afrika, likafika Dalian Machi 2002. Kasino hatukuiona. Septemba 2012 likaingia jeshini.

Lakini sasa wewe nawe una haki yako, kwa sababu wale jamaa hawakuishia hapo, walilifumua lile bodi wakajifunza, ya pili, Shandong, wakaijenga wenyewe kwa kuigiza ile ya kwanza, ikaanza kazi Desemba 2019, halafu ya tatu ndo hii Fujian, tani kama 80,000, imechorwa na kujengwa kwao Shanghai.

Mhindi naye stori yake inafanana. Vikrant ya zamani aliipata kwa Mwingereza ikaanza kazi 1961, Vikramaditya akainunua kwa Mrusi, mtumba ambao bei yake ya matengenezo ilipanda katikati ya kazi mpaka ikapita dola bilioni 2 (aliyewahi kupeleka injini ya gari gereji akaambiwa "bosi tumefungua tumekuta kingine" anaelewa). Baada ya hapo akajenga ya kwake, Vikrant mpya, kwenye kiwanda cha meli cha Cochin mjini Kochi. Mkuku (ule uti wa mgongo wa meli) uliwekwa 2009, meli ikaingia jeshini Septemba 2022, yaani miaka 13. Kilichowachelewesha sana mwanzoni ni chuma, Mrusi aliyetarajiwa kuleta hakuleta, ikabidi wafyatue chuma chao cha manowari, na mimi ukiniuliza hicho ndo kitu walichopata cha maana kuliko hata meli yenyewe, maana sasa hivi manowari zao zingine zinatumia chuma hichohicho.

Hapo mwenzako atasema, injini za Vikrant je? Kweli, ni tabo za Kimarekani, za General Electric. Na ndege zake ni MiG-29K za Urusi, na mwaka 2025 wamesaini kununua Rafale 26 za Ufaransa. Sasa niwaulize nyie watu wa Kibirizi, boti ya mbao anayochonga fundi hapo, mashine ya kusukumia inatoka wapi? Japani. Na bado tunaiita boti ya Kigoma na hakuna anayebisha. Kwa hiyo tusiwaonee Wahindi.

Ngoja niwaambie kitu ambacho kwenye ubishi wenu sidhani kama kilitajwa. Bodi siyo kazi ngumu. Kiwanda chochote kinachojenga meli kubwa za mafuta kinaweza kukupa bodi la mita 300. Kazi ni kurusha na kutua. Liaoning, Shandong na Vikrant zote pua yake imepinda kwenda juu, ndege inakimbia kwa nguvu zake yenyewe halafu ile pua inairusha, ni rahisi kujenga ila ndege haiwezi kubeba mafuta na mabomu ya kushiba, na zile ndege nzito zenye rada kubwa mgongoni haziruki kabisa. Ndo maana Mmarekani miaka yote anatumia manati. Ndiyo, manati, kama hii ya kupigia ndege watoto wetu, ila yake ni ya mvuke, inamchukua rubani toka sifuri mpaka spidi ya kama kilomita 260 kwa saa ndani ya sekunde mbili hivi. Mchina yeye akaruka hatua ya mvuke, akaweka kwenye Fujian manati ya sumaku na umeme, ambayo kabla yake ilikuwa kwenye meli moja tu duniani, Gerald R. Ford ya Marekani. Uzuri wake unapima nguvu, ndege nzito unaipa nyingi, droni ndogo unaipa kidogo isije ikakatika vipande.

Kutua ndo usiseme. Ndege ina ndoano mkiani, inatakiwa inase waya mmoja kati ya michache iliyotandazwa kwenye deki, na rubani akigusa tu deki anakanyaga moto wote badala ya kupunguza, kwa sababu akikosa waya lazima awe na nguvu ya kupaa tena, la sivyo anaenda kuoga. Mchina wa kwanza kutua hivyo kwenye Liaoning ni rubani Dai Mingmeng, Novemba 2012. Siku mbili baadaye bosi wa mradi wa ile ndege aliyotua nayo, J-15, anaitwa Luo Yang, aliyekuwa melini anaangalia majaribio, akafa kwa moyo. Presha ya kazi hiyo siyo ya kitoto.

Swali (Tabora mjini): Kama ni mali kiasi hicho kwa nini nchi ya kawaida isinunue moja tu ikaheshimika?

Jibu: Thailand walifanya hivyo. Walijengewa Hispania, wakakabidhiwa 1997, wakaweka ndege za kivita za Harrier za mtumba, mwaka 2006 zikastaafu, sasa hivi ni helikopta tu. Moja haitoshi kwa sababu inakuwa gereji, au inafundisha vijana, ndo mara chache iko kazini, na ikitoka haitembei peke yake, inataka manowari za kuilinda na nyambizi na meli ya mafuta. Brazil nao walinunua ya Mfaransa mwaka 2000, ikawasumbua weee, Februari 2023 wakaizamisha wenyewe Atlantiki baada ya kukosa hata pa kuikatia skrepa.

Swali (Ujiji): Ziwa Tanganyika lina kina kirefu hivi, Fujian ingeenea?

Jibu: Kina kipo, mita 1,470, tena ungeizamisha usiione tena. Shida kuileta. Hapa mwisho wa reli meli kubwa hufika kwenye maboksi, Liemba ilikuja hivyo toka Papenburg, Ujerumani, maboksi kama elfu 5, ikaunganishwa Kigoma ikashushwa majini 1915 ikiitwa Graf von Götzen. Na ile ina mita 71 tu, Fujian inazidi mita 300, piga hesabu ya mabehewa mwenyewe.

Ila ndege za vita za majini hapa zilishafika siku nyingi, mdogo wangu. Mwaka 1916, kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia, Wabelgiji walileta ndege za kutua kwenye maji upande wa Kongo wakaja kupiga mabomu Kigoma, wakimtafuta huyohuyo Götzen. Hawakuziweka ziwani lakini. Mawimbi ya Tanganyika yalizishinda, wakazihamishia kwenye kiziwa kidogo pembeni kilichotulia, zikawa zinarukia hapo.

Mwenye mgebuka Kibirizi, nusu yangu muitunze.