Usikae naye meza moja kabla hujasoma peke yako

Mdogo wangu, umeuliza mkasomee maktaba au geto, na huyo rafiki yako mwenye stori nyingi umtulize vipi. Mimi nimeishia pale uliposema "kila mada tutaianza pamoja mpaka UE", yaani mpaka mtihani wa chuo wa mwisho wa muhula. Hapo nimeumia. Ndivyo nilivyoanza mimi mwaka wa pili, hapa hapa chuoni Iyunga.

Watu hudhani kinachoharibu ni stori. Zilikuwepo, Julai na baridi yetu hii ya Mbeya, kila mtu na blanketi lake, chai ya tangawizi, saa mbili zinakatika mnajadili bumu, hela ya mkopo wa chuo, limechelewa. Lakini stori unajua kabisa kuwa ni stori. Kilichonimaliza ni zile saa tulizosoma kweli. Mwenzangu alikuwa mwepesi wa hesabu. Anachora mti wa uwezekano, ule mchoro ambao kila tawi ni jambo linaloweza kutokea, anapita tawi kwa tawi, anaeleza. Mimi nafuata kwa macho, naitikia "ehee, nimeipata". Na nilikuwa naelewa! Ila kalamu ilikuwa mkononi mwake.

Kwenye UE ya takwimu likaja swali la kanuni ya Bayes, ile ya kuanzia kwenye tokeo na kukokotoa uwezekano wa chanzo chake, karibu lile lile alilonieleza juzi yake. Niliukumbuka mwandiko wake, wino mwekundu, hata doa la chai pembeni. Cha kuweka chini ya mstari wa kugawanya sikukikumbuka. Ni jumla ya njia zote zinazoweza kuleta lile tokeo, kila moja na uwezekano wake. Siku ile niliweka tawi moja tu nikaendelea, na kila kilichofuata kikaharibika. Sapu, yaani kurudia mtihani. Wenzangu wako likizo, mimi narudi kutoka Tukuyu kwa nauli ambayo mama aliitoa kwenye hela ya ndizi, na nilipofaulu nikaandikiwa C. Mwenzangu alipata A. Yeye simlaumu, alinifundisha kwa moyo.

Ninayemlaumu ni yule kaka wa mwaka wa tatu aliyetuambia wiki ya kwanza tusisome peke yetu, eti mkiwa wawili mmoja akichoka mwenzake anamvuta. Aliongea kwa uhakika kama mhadhiri! Kumbe kwenye kundi lake yeye ndiye aliyekuwa akieleza siku zote, na mada humkaa kichwani yule anayeeleza. Hilo hakulisema.

Kwa hiyo kila mmoja asome mada kivyake, afunge daftari, ajaribu maswali mawili matatu kwenye karatasi tupu mpaka akwame. Ndipo mkutane, saa moja inatosha, simu ziko kwenye begi, na uanze wewe kueleza, maana umesema mwenzako ni mkali kuliko wewe. Akinyoosha mkono achukue kalamu, usimpe. Mwambie mpango huu leo jioni, kabla hajabandika chai.