Kutuma rekodi za shambani chinichini: ipangie kazi masharti badala ya saa

Ndugu uliyeuliza, swali lako nimelielewa hivi: programu yako ya Android inakusanya taarifa za wakulima wa zabibu wa Chamwino na Bahi, unataka itume rekodi kwenye seva kila baada ya dakika tano, lakini skrini ikizimika utumaji nao unakoma, na sasa unafikiria kuanzisha huduma itakayokuwa macho muda wote. Ninajibu kutokana na programu ya aina hiyohiyo ninayoitunza, inayotumiwa na maafisa ugani wanaozunguka vijiji vya Kongwa na Mpwapwa kwa pikipiki. Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uachane kabisa na zile dakika tano.

Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu isiyo kwenye chaji, iliyotulia mahali pamoja na iliyozimwa skrini kwa muda, huingia katika hali iitwayo Doze. Ikiwa humo, hukata mtandao kwa programu nyingi, huahirisha kazi zao, na kuziruhusu kwa vipindi vifupi tu ambavyo huzidi kuachana kadiri simu inavyoendelea kulala. Android 7.0 iliongeza hali nyepesi zaidi inayofanya kazi hata simu ikiwa mfukoni mwa mtu aliye safarini. Toleo la 8.0 likabana huduma zinazoendeshwa chinichini, na la 9 likaanza kuzipanga programu katika makundi kwa kuangalia mtumiaji anazifungua mara ngapi. Ukiitazama historia hiyo utaona kwamba kila toleo linapunguza nafasi ya huduma unayoifikiria, na hakuna dalili kwamba mwelekeo huo utageuka.

Njia inayodumu ni kuikabidhi kazi kwa WorkManager, maktaba ya Android ya kupanga kazi za chinichini, na kuieleza masharti yake: itumwe mtandao ukipatikana, betri isiwe imekaribia kwisha. Kazi ya kujirudia haiwezi kuwekwa chini ya dakika 15, na hata hizo 15 ni kiwango cha chini, wala si ahadi ya saa kamili. Kwa hiyo sisi huunda kazi ya mara moja pale afisa anapohifadhi rekodi, kisha kazi ya kujirudia hubaki kama mfagiaji wa yale yaliyosalia. WorkManager huandika orodha ya kazi katika hifadhidata yake ndani ya simu, hivyo simu ikizimika na kuwashwa tena kazi haipotei. Hilo ni jambo kubwa kwa mtu anayelala kijiji kisicho na umeme.

Sharti la mtandao linahitaji kufikiriwa kwa hali ya huku kwetu. Miongozo mingi inashauri picha zisubiri mtandao usiopima data, yaani Wi-Fi kwa kawaida. Afisa aliye Mpwapwa vijijini anaishi kwa bando, na Wi-Fi huenda akaikuta tu siku anapofika ofisini Dodoma mjini, hivyo ukiweka sharti hilo picha za majani yenye ugonjwa zitafika wakati ushauri hauna faida tena kwa mkulima. Tenganisha kazi hizo mbili. Maandishi ni mepesi, yaende kwa mtandao wowote; picha ipunguzwe ukubwa kwanza, itumwe kwa kazi yake yenyewe, na mwenye bando aamue katika mipangilio kama anaruhusu. Usipitishe picha yenyewe ndani ya data ya kazi, kwa sababu nafasi hiyo haizidi kilobaiti 10. Pitisha anwani ya faili.

Jambo ninaloliona kuwa zito kuliko yote, na ambalo watu wengi hulipita haraka, ni kwamba kazi yako itakatizwa katikati na itarudiwa. Mtandao wa mabondeni huja na kuondoka. Seva inaweza kupokea rekodi na kuihifadhi, kisha jibu likapotea njiani. Simu haina namna ya kujua, nayo itatuma tena. Nimewahi kukagua mfumo ambamo mkulima mmoja alionekana ana mashamba mawili yanayolingana kila kitu, na jumla ya ekari za kijiji ikawa ya uongo, kwa sababu hiyo tu. Ipe kila rekodi kitambulisho cha pekee palepale simuni inapohifadhiwa, kabla haijatumwa, na seva ikikutana na kitambulisho inachokijua ijibu kwamba imepokea, bila kuandika upya.

Kazi inaposhindwa na ukaomba irudiwe, WorkManager husubiri sekunde 30, kisha muda huo huongezeka maradufu hadi kikomo cha saa tano. Hapo ndipo maafisa hulalamika: wamefika Kibaigwa penye mtandao mzuri, na rekodi bado zimekaa. Weka kitufe cha kutuma sasa, na kazi yake iwe na jina lilelile la kipekee la kazi ya kutuma inayosubiri, pamoja na chaguo la REPLACE, yaani mpya ichukue nafasi ya ya zamani. Ukitumia KEEP, kazi ya zamani inayosubiri zamu yake ndiyo itakayobaki, na kitufe kitaonekana hakifanyi lolote. Kwa kuwa kila rekodi ina kitambulisho chake, kuikatiza kazi ya zamani hakuna madhara.

Kengele za saa kamili, yaani zile zinazoiamsha programu kwa wakati uliopangwa hasa, ziache kwa ajili ya kumkumbusha binadamu miadi yake. Tangu Android 12 zina ruhusa yake maalumu, na katika Android 14 programu mpya nyingi hazipewi ruhusa hiyo bila mtumiaji kuiwasha. Kwa upande wa iPhone, mfumo wa BGTaskScheduler uliokuja na iOS 13 una masharti makali zaidi: kazi ya kuburudisha data hupewa takribani sekunde 30, kwa wakati ambao simu yenyewe inauchagua.

Kuna simu ambazo mtumiaji akiiondoa programu kwenye orodha ya zilizofunguliwa karibuni, huisimamisha kabisa, na kazi zote hungoja hadi aifungue tena. Msimbo hauna dawa ya hilo. Ionyeshe idadi ya rekodi zinazosubiri kwenye ukurasa wa mwanzo, waelekeze watumiaji kuiondolea programu vizuizi vya betri, na kila inapofunguliwa ianze kwa kukagua foleni.

Kabla hujawapa watu programu hiyo, iunganishe simu na kompyuta yenye adb, zana ya kuiamuru simu, uifanye ijione imechomolewa chaji kwa amri `adb shell dumpsys battery unplug`, ilaze simu kwa `adb shell dumpsys deviceidle force-idle`, hifadhi rekodi kadhaa, kisha iamshe kwa `adb shell dumpsys deviceidle unforce` na `adb shell dumpsys battery reset`, na uhesabu zilizofika kwenye seva. Rudia jaribio hilo huku ukikata mtandao katikati ya utumaji. Idadi ya simuni na ya kwenye seva zisipolingana, anza kutafuta tatizo kwenye vitambulisho.