Maswali ya wasomaji: Ufa usoni, ganda linabanduka

SWALI: Nachonga sanamu ya mtu anayechomoza kwenye shina la mti. Juu ni kichwa na mabega. Chini nimeacha gogo na ganda lake, ili isijulikane mtu anaishia wapi na mti unaanzia wapi. Gogo lina kipenyo cha sentimita 30, lilikatwa miezi miwili iliyopita. Sasa ufa umepita katikati ya uso, na ganda linaachia. Nianze wapi kurekebisha?

JIBU: Anza kwa kusubiri, kwani mti wako bado mbichi. Ukikauka, husinyaa kufuata mzunguko wa pete zake za ukuaji karibu mara mbili ya unavyosinyaa kutoka kiini kwenda nje. Gogo zima lenye kiini ndani halina pa kuachia mvutano huo, hivyo hupasuka, hata kama patasi yako haikukosea popote.

Usijaze ufa huo sasa. Utazidi kupanuka, kisha hewa ikiwa na unyevu mbao itavimba na kuisukuma nje lipu yoyote ngumu uliyotia. Paka nta iliyoyeyushwa kwenye ncha zote mbili za gogo, maana unyevu hutokea huko haraka zaidi ya mara kumi kuliko ubavuni. Kisha geuza sanamu, uchimbe mgongoni mpaka kiini kitoke chote, ukibakiza kuta za sentimita 4 au 5 zenye unene sawa. Palipo nene zaidi ndipo patakapopasuka. Wachongaji wa Ujerumani wa karne ya 15 walichimba migongo ya sanamu zao za mbao vivyo hivyo.

Ipime uzito kila baada ya wiki mbili. Uzito ukiacha kushuka, chonga kabari nyembamba ya mti uleule, nyuzi zake zielekee sawa na za uso, uigundishe upande mmoja tu wa ufa; upande wa pili uachwe huru mbao icheze. Au uache ufa kama ulivyo. Kwa sanamu inayosema mtu ni mti, naona ufa safi unapendeza kuliko uso uliopigwa lipu.

Ganda ni habari nyingine. Mti ukikatwa wakati unakua, utando ulio kati ya ganda na mbao huwa laini na wenye maji, kwa hiyo ganda halishiki. Gundi itachelewesha tu, na wadudu hupenda kujificha humo. Libandue lote, kisha chora mifereji ya ganda kwa patasi yenye mdomo wa mviringo, ukiifanya mipana chini na kuipunguza kina kadiri inavyokaribia mabega.

SWALI: Nikimaliza, naweza kuiweka bustanini?

JIBU: Ndiyo, ila isiguse udongo. Isimamishe juu ya jiwe kwa pini ya chuma cha pua. Chuma cha kawaida huacha madoa meusi kwenye miti yenye tanini, dutu chungu ya asili iliyo ndani ya mti. Ukipaka mafuta ya kitani, tandaza vitambaa ulivyotumia vikauke nje. Vikikunjwa pamoja huweza kuwaka vyenyewe.