Mama anameza dawa ya presha siku kichwa kikimuuma tu

SWALI: Shikamoo dokta. Naandika kutoka Tanga kuhusu mama yangu, ana miaka 63 na presha anayo siku nyingi. Anatumia amlodipine ya 10 na losartan ila anakunywa kwa kujisikia, kichwa kikiuma ndo anameza kikitulia anaacha, anasema mwili ukishazoea dawa hutoki tena. Alafu kliniki ikikaribia siku kama tatu kabla anakazana kumeza ili kipimo kitoke kizuri asigombezwe. Mwezi uliopita alisahau kukazana ikasoma 178 kwa 104, wakamuongezea kidonge cha tatu. Miguu nayo inavimba jioni, anasema ni figo zimeharibiwa na dawa. Nikimwambia sana ananiuliza kwani nani kamzaa mwenzie. Nifanyeje? (Kifungua mimba, Tanga)

JIBU: Marahaba mwanangu, ila mimi sio dokta, ni mfamasia, wale wa dirisha la dawa. Hiyo ya kukazana siku tatu kabla ya kliniki wala mama hajaianzisha yeye, tunaiona kila wiki na kwa watu wasomi tu.

Kinachonitisha kwenye barua yako sio dawa anazoruka, ni hicho kidonge cha tatu. Daktari haoni kinachoendelea nyumbani kwenu, anaona namba, na mtu anayetumia dawa mbili akisoma 178 kwa 104 maana yake kwake ni kwamba dawa mbili zimeshindwa kazi, anaongeza nyingine, ndo utaratibu ulivyo. Sasa siku mama ataingiwa na hofu, labda jirani kapigwa kiharusi, akaamua kuanzia leo nameza zote tatu kila siku, presha inaweza kushuka kuliko mwili wake ulivyozoea, akasimama usiku kwenda msalani kizunguzungu kikamuangusha, na akivunjika nyonga hamtamshawishi tena kumeza kitu. Kwa hiyo wiki hii hii, msisubiri tarehe, nendeni mkaseme ukweli: zile mbili za mwanzo alikuwa hanywi vizuri. Ukiona ataona aibu we tangulia kuongea na nesi wa kliniki pembeni. Daktari ataamua kama hicho cha tatu kinahitajika au aanze upya na mbili kwa utaratibu.

Kuhusu kichwa, watu wengi tu wana 180 na hawasikii kitu, wanapika wanaenda sokoni wanacheka, huku moyo na figo na mishipa ya ubongo vinaumia. Tena amlodipine inafanya kazi taratibu, nguvu yake kamili inakuja baada ya kama wiki nzima ya kumeza kila siku, sasa kile kidonge kimoja anachomeza kichwa kikigonga sicho kilichokituliza, kimetulia chenyewe. Muulize pia anameza nini kingine kwa ajili ya hicho kichwa au magoti, manake kama ni diklofenaki au ibuprofen hizo zinapandisha presha, na ukichanganya na losartan figo ndo zinabanwa kweli. Parasetamo ina unafuu.

Na kuzoea, hapana, hakuna arosto ya amlodipine. Presha inarudi akiacha kwa sababu dawa inaizuia, haijaiondoa. Ila wanaotumia atenolol au propranolol wasiache ghafla hata siku moja bila kuongea na daktari, moyo unaweza kwenda mbio vibaya.

Miguu kuvimba jioni ni tabia ya amlodipine yenyewe hasa ikiwa 10, mishipa inalegea maji yanashuka kwenye vifundo. Sio lazima iwe dalili ya figo kufa, lakini kwa vile mama ana wasiwasi huo apimwe mkojo na damu ya figo, majibu ya karatasi yatamtuliza kuliko maneno yangu na yako. Dozi inaweza kupunguzwa au kubadilishwa. Akivimba mguu mmoja tu, au kuvimba pamoja na kukosa pumzi, hapo msingoje kliniki.

Nyumbani usimhesabie vidonge kama askari. Weka dawa karibu na kitu asichokosa, chai ya asubuhi kwa mfano, na mkiweza nunueni mashine ya kupimia, ya kwenye mkono wa juu sio ya kifundo cha mkono, akae ametulia dakika 5 ndo apime mwenyewe na aandike mwenyewe. Akiona namba inashuka kwa mkono wake utashangaa mabishano yanavyoisha. Akisahau ameze akikumbuka, ila kama muda wa dozi nyingine umeshakaribia aache hiyo, asimeze mbili kufidia.

SWALI: Kaka, mi dereva wa lori, Dar kwenda Tunduma. Nimepewa kidonge cha mkojo, siku za safari sikimezi, ntasimama mara ngapi? Alafu tangu nianze dawa mambo ya chumbani yamelala. Nimeacha zote. (Dereva)

JIBU: Afadhali wewe umesema, wengi wanaacha kwa sababu hiyo hiyo ya pili na wanatuambia zimeisha. Kidonge cha mkojo kinabana zaidi saa za mwanzo na baada ya wiki chache kukojoa kunapungua, lakini zipo dawa za presha ambazo hazikojozi kabisa, mwambie daktari kazi yako akubadilishie. Hayo ya chumbani yanaweza kuwa ya dawa, atenolol na hizo za mkojo zinalaumiwa zaidi, losartan haina sana kesi hiyo. Ila presha yenyewe na sukari na sigara zinaua huko pia, kwa hiyo pima na sukari. Na usinunue dawa za nguvu za stendi, nyingi zinakutwa zimechanganywa sildenafil, ile dawa ya Viagra, kimyakimya, ukiwa unatumia dawa ya moyo ya kuweka chini ya ulimi hiyo inaweza kukuondoa.

SWALI: Assalaam alaykum, Ramadhani dawa za presha nafanyaje? (Bibi wa Likoni)

JIBU: Waalaykum salaam bibi. Ya mara moja kwa siku haina shida, meza wakati wa futari au daku. Kama ni mara mbili nenda kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama wakutafutie ya mara moja. Kidonge cha mkojo ukimeza daku utashinda na kiu, daktari akikubali kihamie kwenye futari. Na kama presha bado iko juu au figo zina shida, uliza kwanza kama ufunge, ruhusa ya mgonjwa ipo kwenye Suratul Baqara aya ya 184 na 185.